Aliyeanguka kwenye Lori

8 Machi 1981, Jumapili

Mvua imeshika kweli sasa. Tangu juzi Mlima Oldeani haujaonekana, na barabara ya Karatu imekuwa uji mtupu. Nimetoka misani na mama mkwe wangu, Mama Hyasinta, yeye mbele mimi nyuma. Njia nzima hatukusemezana, ila aliponiambia niangalie pale pana utelezi. Nilikuwa nimeshaanguka.

Inosenti hakwenda. Mguu. Nilimkuta amekaa mlangoni anatazama mvua, nikamwambia padri amekuulizia, akasema, "Ee." Huyo ndiye mume wangu. Kabla ya vita alikuwa anapiga soga mpaka namwomba anyamaze nipate usingizi.

Nimeanza kuandika kwa sababu nimechoka kujisemea moyoni. Mume ninaye, mama mkwe ninaye nyumba ya pili, majirani ninao bonde zima, lakini wa kumweleza lililonikaa kooni sina. Nilisoma kwa masista hadi darasa la saba. Angalau mwandiko wangu ni mzuri.

10 Machi

Palizi. Mvua. Palizi.

12 Machi

Kidonda kimefumuka tena. Asubuhi nilipofungua kitambaa harufu ilinirudisha nyuma. Paja lilikuwa limejifunga tangu Noeli, tukaanza kujidanganya kwamba yamekwisha. Tukaenda zahanati, yeye na fimbo yake upande mmoja, mimi upande wa pili. Njia ambayo mtoto anaikimbia, sisi ilitumalizia asubuhi.

Felisiani, mganga wa zahanati, alitazama akatikisa kichwa. "Shemeji, penisilini hakuna. Bandeji hakuna. Chemsha maji, tia chumvi, safisha."

"Chumvi niitoe wapi, Felisiani? Dukani wamebakiwa na viberiti na kalenda ya mwaka jana."

Akacheka, kisha akainama tena kwenye paja na kicheko kikakatika. "Mimi sikusoma sana," akasema, "lakini kidonda cha kuanguka kwenye lori hakikai miaka miwili kinatoa usaha. Humu ndani kuna kitu."

Inosenti akageukia ukuta, utadhani anayezungumziwa ni mtu mwingine. Mimi nikadakia: "Ni lori, Felisiani. Lilipinduka." Nimelisema hilo mara nyingi mno, siku hizi linatoka lenyewe.

Haya, hapa hakuna anayesoma, niandike ukweli. Inosenti hakuanguka kwenye lori lolote. Aliondoka hapa na mgambo wenzake mwishoni mwa mwaka 1978, serikali ilipoita watu kumtoa adui Kagera. Ng'ambo ya mto ule bomu liliangukia karibu na handaki lao, vipande vikamwingia pajani. Walimtibia kwenye hema, wakamfunga, na vita vilipokwisha wakamwambia nenda nyumbani. Siku aliposhuka basi pale Karatu, mama yake ndiye aliyewahi kumfikia. Hata kumkumbatia bado, alimshika kola. "Umeanguka kwenye lori," akamwambia. "Umesikia? Lori lilipinduka, ukaanguka." Nilikuwa nyuma yake, niliyasikia kwa masikio yangu.

Asiye wa kwetu atashangaa. Kwetu Wairaqw, mtu aliyemwagwa damu kwa silaha vitani harudi tu akaanza kunywa na watu. Yeye na wa nyumba yake wanakaa kando. Hawachoti maji pamoja na wenzao, hawaombi moto kwa jirani, hawakatizi shamba la mtu, na hakuna anayekula kwao mpaka wazee waseme basi. Wazee wanaiita meeta. Serikali ilishaipiga marufuku. Mkutanoni wote tulinyoosha mikono kukubali, tukarudi nyumbani tukaendelea nayo kimyakimya.

Mimi naijua vizuri. Inosenti akiwa vitani nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Msiba huo nao una meeta yake, basi nilikaa kando msimu mzima, na aliyesimama kisimani kunizuia nisichote maji alikuwa Mama Hyasinta huyuhuyu. Kwa hiyo siku ile Karatu aliposema lori, mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia: lori.

15 Machi

Chumvi nimepewa na Mwanamwema, yule mama wa Kikondoa mwenye duka karibu na stendi ya Karatu. Aliitoa jikoni kwake. Nilimwambia nitamletea maharage, akanifukuza kwa upande wa kanga: "Nenda kamwoshe mumeo, maharage yataniambia nini?"

20 Machi

Tumerudi kutoka hospitali kubwa. Nimechoka, lakini nisipoandika sitalala.

Daktari ni kijana mpole, mikono baridi. Alibonyeza paja, akamtoa muuguzi nje, akafunga mlango, akauliza, "Mzee, niambie kweli. Hiki nini?" Inosenti akauangalia mlango kwanza, halafu akasema, "Bomu." Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Daktari akatueleza bila kuzunguka. Chuma kimo, mfupa umeanza kuoza. Picha hawezi kupiga, filamu hazijaletwa. Inatakiwa operesheni, na operesheni hiyo inafanyika hospitali ya rufaa tu. Masika haya yakiisha kabla hajafanyiwa, itabidi mguu ukatwe juu ya goti ili abaki hai. Nikamwuliza akikatwa atalimaje shamba la mteremko kama letu. Akaendelea kuandika.

Kwa karani ndiko tulikokwama. "Askari?" akauliza. "Mgambo," Inosenti akajibu. Karani akaweka kalamu chini. Askari, akasema, wana hospitali zao na jeshi linawagharamia. Mgambo walikwisha kuvunjwa, kila mtu na kwao.

"Ndugu karani," nikamwambia, "yale mabomu yalikuwa yanauliza kwanza, huyu askari au mgambo?"

Inosenti akanivuta gauni. Karani, nimsifu, aliona haya. Akatuambia kwamba baada ya Pasaka kamati ya serikali itapita kata kwa kata kuwaandika mgambo walioumia vitani, na watakaoandikwa watachukuliwa na kutibiwa kwa gharama ya serikali. Lakini kwa kuwa mgambo hawana kumbukumbu jeshini, kila mmoja atathibitishwa na kijiji chake, mbele ya mkutano. Balozi wake wa nyumba kumi atasimama aseme huyu alikwenda mzima, akarudi hivi, kwa sababu hii.

Kwenye basi tulikaa bila kuangaliana. Balozi wetu ni Clemensi, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumtuliza mtoto. Na Clemensi anajua lori.

25 Machi

Siku nzuri. Majirani wamekuja kutupalilia, bonde zima, kwa kuwa mwenye nyumba ana mguu. Evarista, mke wa Clemensi, ndiye kiongozi wa kelele. Aliponiona nimebaki nyuma kwenye mstari akapaza sauti: "Marsela, unapalilia mahindi au unayachana nywele?" Watu wakacheka mpaka majembe yakasimama. Mchana tukala pamoja, tukanywa pombe ya mtama, kibuyu kinazunguka. Inosenti naye alicheka, nilimwona.

Jioni walipoondoka akaniambia, "Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Nikisimama pale mkutanoni nikasema bomu, hawa hawaji tena. Nani atakulimia?"

Nikamwambia mguu ukikatwa nitalima mwenyewe vilevile. Akasema ndiyo, lakini hutakuwa peke yako. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

29 Machi

Nimemwendea Mama Hyasinta. Nimemweleza yote aliyosema daktari, polepole, mara mbili, maana masikio yake yameanza kuchoka. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso.

"Alianguka kwenye lori," akasema.

"Mama, mguu unaoza."

"Tutamwombea."

"Mama, wewe ndiye uliyempa hilo lori. Mwondolee."

Akachambua. Nikasimama pale mpaka nikaona nitatukana, nikaondoka. Mwanamke gani huyu! Rozari shingoni, jumuiya kila Alhamisi, halafu anamwacha mwanawe aoze kwa kuogopa majirani. Simpendi. Nimeandika, Mungu anisamehe, simpendi.

3 Aprili

Mvua usiku kucha. Ukuta wa upande wa zizi umelegea.

6 Aprili

Homa. Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Anasaga meno lakini hasemi kitu.

11 Aprili

Nyani wameshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, wamevunja mahindi ya pembeni. Tumewafukuza, sisi na watoto wa Evarista, kwa madebe na matusi. Evarista anawatukana nyani kwa majina ya watu anaowajua. Nimecheka hadi mbavu.

19 Aprili, Pasaka

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati wa kutakiana amani kila mtu alinipa mkono, na mimi niliishika mikono ile kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Nilikuwa nahesabu moyoni nani atabaki. Sikumpata hata mmoja wa hakika, isipokuwa Evarista. Evarista hawezi kuniacha.

24 Aprili

Tarehe imetangazwa. Jumanne ijayo, uwanja wa shule. Inosenti anasema hatakwenda. Nikamwambia nitakubeba mgongoni. Akasema, "Jaribu." Tumenuniana.

28 Aprili, Jumanne

Alikwenda. Asubuhi nilimkuta ameshavaa shati jeupe.

Kamati ilikuja na Landrova iliyofunikwa matope mpaka kwenye vioo: ofisa wa jeshi mwenye miwani, daktari, na karani. Ofisa ni mtu wa pwani kwa namna anavyosema, mchangamfu, kila neno na "ndugu zangu". Kijiji kizima tulikaa kwenye nyasi zenye maji. Mama Hyasinta alikaa katikati ya wanawake wa jumuiya, mimi nyuma yake kidogo, Evarista ubavuni mwangu amenifunika nusu ya shuka lake kwa ajili ya manyunyu.

Walianza na kijana wa kitongoji cha juu aliyepoteza jicho. Balozi wake akasimama akasema jicho limetolewa na mwamba uliopasuliwa kwa baruti wakati wanachimba mahandaki. Akaandikwa. Nikashtuka kidogo, nikawatazama wazee. Mwamba si silaha ya adui, hakuna aliyesogea.

Kisha wakaita: Inosenti. Akasimama na fimbo yake. Ofisa akamgeukia Clemensi. "Ndugu balozi, mwenzetu huyu ameumiaje?"

Clemensi akavua kofia. "Mheshimiwa, alikwenda mzima. Kazi aliifanya. Wakati wa kurudi lori lilipinduka, akaanguka. Ndivyo alivyotueleza, na kijiji kizima kinajua."

"Ni kweli, ndugu zangu?"

"Kweli!" watu wakaitikia. Kwa mapenzi, jamani. Walikuwa wanamtetea! Walidhani wanamsaidia kwa kusema kwa sauti moja.

Ofisa akasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Akasema ajali ya barabarani wakati wa kurudi haihesabiwi jeraha la vita, mwenzetu atatibiwa kama raia mwingine yeyote. Daktari wake akamnong'oneza kitu, akaelekeza kidole pajani. Ofisa akauliza tena, "Ndugu Inosenti, wewe mwenyewe unasemaje? Ilikuwa lori?"

Inosenti akafungua kinywa. Akaniangalia mimi, akaangalia watu, akakifunga. Akainamisha kichwa akawa anautazama mguu wake. Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Shuka la Evarista lilikuwa begani mwangu, lina joto, na miguu yangu haikuinuka.

Aliyesimama ni Mama Hyasinta.

"Hakuna lori," akasema. Kwa sababu ya masikio yake hajui tena kupima sauti, ikatoka kubwa mno, uwanja wote ukasikia. "Ni bomu. Lilimpiga vitani, akamwagika damu huko. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyemwambia aseme lori, na mke wake alisikia. Tumekula nanyi na kunywa nanyi miaka hii yote. Basi."

Akabaki amesimama. Na wale wanawake wa jumuiya, waliokuwa wamembana pande zote wapate joto, wakaanza kusogea. Mmoja alivuta kanga yake, mwingine akahamisha kikapu, mpaka nyasi zikawa wazi kumzunguka.

Ofisa alifurahi. Masikini, hakujua kilichotokea mbele ya macho yake. "Sasa si mngesema mapema, ndugu zangu!" akasema, akacheka, akamwambia karani, "Andika, andika." Clemensi alikuwa bado ameshika kofia. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyenyweshwa kitu bila kuambiwa ni nini.

Nilipogeuka, Evarista alikuwa anakunja shuka lake.

29 Aprili

Landrova imemchukua. Hakuna aliyekuja kuaga. Inosenti alikaa nyuma na yule kijana wa jicho. Aliniambia, "Nitarudi." Nikamwambia, "Rudi nayo yote miwili," nikimaanisha miguu. Akatabasamu. Matope yaliruka, nikabaki nimesimama barabarani mpaka sauti ya gari ikaisha.

2 Mei

Hakuna aliyesema meeta. Neno hilo ni marufuku, na Clemensi ni mtu wa serikali. Watu wana shughuli tu. Wakituona wanaharakisha. Nilipofika kisimani waliokuwepo wakakumbuka kazi zao wote kwa pamoja, hata ndoo zikaondoka hazijajaa.

5 Mei

Evarista amesimama ng'ambo ya ua la minyaa, akaita, "Hamjambo huko?" Nikasema hatujambo. Akasema, "Haya." Akaenda zake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia.

9 Mei

Moto ulizima kwa mvua. Viberiti vya dukani vimelowa, haviwaki. Nimelala bila chakula cha moto. Nilikaa natazama moshi wa nyumba za watu, kila nyumba na moshi wake, na hakuna hata moja ninayoweza kwenda na kigae kuomba kaa moja. Nimelia kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kunisikia.

10 Mei

Mama Hyasinta amehamia kwangu. Hakuomba. Alikuja na mkeka, sufuria, na kaa la moto ndani ya chungu, akasema kupika nyumba mbili ni kuharibu kuni. Nikasogeza vitu vyangu.

13 Mei

Anakoroma. Anapika vizuri kuliko mimi. Anasali rozari kwa sauti kubwa hiyo yake, na njiani watu wanageuza shingo.

17 Mei, Jumapili

Tumekwenda misani. Benchi letu tumekaa wawili, wakati nyuma watu wamesimama. Wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono Mama Hyasinta, naye akanipa wake, tukakaa. Padri ni Mzungu. Baadaye alinisifu kwamba tunapendana.

21 Mei

Palizi ya pili. Shamba lile tulilolimaliza Machi kwa siku moja, sasa hatuoni mwisho wake. Mama analima amekaa, anajisogeza na makalio. Nilimwambia apumzike akasema, "Nani alime, nyani?"

Leo nilimwuliza. Tulikuwa tumejikinga mvua chini ya magunia. Nikamwuliza kwa nini alisimama, wakati nilipomwomba alikataa. Nikadhani hakusikia.

"Alikuwa anautazama mguu," akasema. "Kama unavyomtazama mtu unayemsindikiza."

Halafu akasema jambo jingine bila mimi kuuliza. "Ule msimu wako, wa mtoto. Nilikuzuia kisimani. Walikuwa wamesema nisipokuzuia watatutenga wote. Niliogopa. Usiku nilikuwa nakusikia unalia, nakuja mpaka hapo mlangoni, narudi."

Sikujua kabisa kwamba alikuwa anakuja mpaka mlangoni. Nilimvika gunia langu juu ya lake, mvua ilipopungua tukaendelea.

30 Mei

Ukuta wa zizi umeanguka. Tumeuziba kwa matawi.

6 Juni

Nimetembea hadi Karatu kwa Mwanamwema. Nilimweleza yote, nikamwonya kwamba kwetu sasa hakuliwi. Akanitazama, akaita ndani waniletee uji, akachukua kikombe changu kabla sijamaliza akanywa kilichobaki mbele ya wateja. "Haya," akasema, "nimekufa?" Nilicheka na kulia palepale dukani. Ana shemeji yake Seif, dereva wa magari ya mizigo anayefika hadi kwenye ile hospitali ya rufaa. Atamwulizia.

14 Juni

Mvua zimekata. Sasa ni ukungu na baridi. Hakuna habari.

19 Juni

Hakuna habari. Najiuliza kama nimemuuza kila mtu kwa mguu ambao huenda umeshakatwa.

23 Juni

Habari! Seif amemwona kwa macho. Operesheni imefanyika, chuma kimetoka, vipande vitatu, mfupa uliooza wameukwangua. Mguu upo. Utakuwa mfupi kidogo lakini upo, na wala hajadaiwa chochote. Dawa anapata kila siku, kitanda anacho, blanketi analo.

Niliruka njiani peke yangu kutoka Karatu kama kichaa. Nilipofika juu ya bonde nikaona wanawake wanaanika nguo, nikafungua kinywa nipige kigelegele, nikakumbuka. Nani angeitikia? Nikakimeza. Nimemwambia Mama Hyasinta sikioni. Akaketi chini, akashika magoti yake mwenyewe, kwanza moja halafu jingine, akasema, "Yote mawili?" Nikasema, "Yote mawili, Mama."

1 Julai

Wazee wamemletea Mama neno kupitia kwa mpita njia. Kutengwa kwetu kutaisha mahindi mapya yakianza kuliwa.

12 Julai

Baridi. Nyani. Ninawafukuza na debe peke yangu. Sina matusi mengi kama Evarista.

20 Julai

Seif amepita tena. Anasema Inosenti ameanza kutembea uwanjani na kwamba wodi yao ina vituko: wote ni majeruhi wa vita, wanacheza bao, wanataniana kwa vidonda, wanalishana. Mume wako ni msemaji, akaniambia, anachekesha wodi nzima. Nilifurahi. Kisha usiku nikaona wivu, nikaona haya kwa wivu huo, lakini ulikuwepo. Yeye ndiye aliyemwagwa damu, yuko na watu. Mimi niko hapa.

3 Agosti

Tumeanza kuvunja mahindi, mimi na Mama. Mavuno si mabaya.

8 Agosti, Jumamosi

Amerudi. Seif alimshusha barabara kuu akateremka bonde kwa miguu yake, anachechemea, bila fimbo. Nilikuwa shambani. Nilimwona kwa mbali nikaacha kila kitu, na Mama Hyasinta nyuma yangu anapaza sauti ya Salamu Maria kwa dunia nzima.

Amenenepa. Anazungumza! Kabla hajakaa alikuwa ameshanisimulia wenzake wote wa wodi, nani hana mkono, nani anaibia bao. Nilikuwa namtazama mdomo. Akaona mahindi uani, akauliza, "Palizi ya pili nani aliwasaidia?"

"Mungu," Mama akasema.

Akacheka, akadhani ni mzaha.

Kisha wakaanza kuja. Mahindi mapya yamekwisha kuliwa tangu juzi na wazee walikwisha kusema basi. Clemensi alitangulia, akavua kofia, akamshika Inosenti mkono kwa mikono miwili akamwita shujaa wetu. Nyuma yake bonde zima, na vibuyu, na kuku, na watoto. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Walimtaka aonyeshe kovu, akaonyesha, wakashangilia. Wanawake wa jumuiya wakamzunguka Mama Hyasinta wakambana pande zote. Yeye alikaa wima katikati yao, nikaona mkono wake unanitafuta.

Sikuweza kumfikia, maana Evarista alikuwa ameshanikamata. Alinikumbatia kwa nguvu zake zote, akanisukuma nyuma kidogo anione vizuri, macho yanang'aa, ana furaha ya kweli kabisa, sina shaka nayo. Nyumba yake naiona nikisimama mlangoni kwangu. Tangu Aprili nimeuona moshi wake kila siku.

"Marsela jamani!" akasema. "Umepotea mno wewe! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Watu walikuwa wanapokezana kibuyu, kilikuwa kinanijia. Nikamjibu kama watu wanavyojibu.

"Nipo," nikasema. "Nipo tu."